Besi Kwenye Kona ya Banda

Ilikuwa mwaka 2018. La, nisiwadanganye: 2018 Aminiel alikuwa bado anatengeneza redio za watu pale Kaloleni, hajakata hata ubao mmoja. Ilikuwa 2019, Desemba, mwaka ambao Angel, binti wa dada yake, alipata kipaimara. Ndiyo, ni mwaka huo, maana uliofuata watu walianza kuogopa hata kushikana mikono, na sherehe kubwa kama ile nani angeifanya.

Aminiel ni Mmeru wa huku juu, ukipanda kutoka Tengeru ukaziacha nyanya na vitunguu vya sokoni nyuma yako, ukaingia kwenye migomba na kahawa. Mama yao alifariki yeye akiwa bado mdogo, na aliyemlea ni dada yake Aikaeli, ambaye naye alikuwa mtoto tu, lakini alimbeba mgongoni huku anachuma kahawa. Dada huyohuyo ndiye aliyemshika mkono akampeleka kwenye bendi ya matarumbeta ya usharika. Wakampa lile kubwa kuliko yote, linalomzunguka mtu kama chatu aliyeshiba, kwa sababu alikuwa mnene na wengine walikuwa wamekwisha kuchagua.

Wenzake walipiga wimbo, yeye akawa anapiga bum, bum, chini kabisa. Lakini aliona jambo ambalo hakuna mwalimu aliyemwambia. Pumzi anayoitoa mdomoni ni ndogo, mshumaa tu ingezima. Ikishaingia kwenye lile bomba, bomba linapanuka polepole, linapanuka, mpaka linafika mdomo mpana kama beseni, na hapo vioo vya kanisa vinatetemeka. Alijiuliza, nguvu hii imetoka wapi, maana mimi sijaiweka. Akaridhika kwamba imetoka kwenye kupanuka.

Basi miaka ikapita, akawa fundi redio mjini, akaoa Fransiska, Mchaga wa Kibosho, Mkatoliki, mwanamke wa maneno makali na moyo laini, anayeuza mchele na maharage barazani. Siku moja mteja alimwonyesha kwenye simu picha ya boksi la spika lililopasuliwa katikati. Ndani yake mbao zilikuwa zimewekwa mshazari, zinakwenda na kurudi. Mteja aliona vichochoro. Aminiel aliona tarumbeta lake la ujana, limekunjwa likatiwa ndani ya sanduku. Spika imekaa kwenye kona nyembamba ndani kabisa, mbele yake njia inapinda, inapanuka, inapinda tena, na inatoka kwa mdomo mpana. Alikaa na ile simu mpaka mwenyewe akamwomba amrudishie.

Mbao mpya zilimshinda bei. Akaenda kwenye majengo yanayojengwa, akachukua zile bodi nene za kufungia zege ambazo mafundi wameshazimaliza, zina madoa ya saruji kama ukurutu. Alizikwangua, akazipiga msasa, akazikata. Kila kiungo alikitia gundi na skrubu, na ndani akaweka vipande vya kukaza ili ubao usitetemeke. Ubao ukitetemeka, alisema, unakula sauti yako bure. Akafunga ndani spika za inchi kumi na nane, moja kila boksi. Halafu akawasha sauti moja nzito isiyobadilika, akapitisha mshumaa taratibu kwenye kila kiungo. Mahali ambapo moto ulicheza, hewa ilikuwa inavuja. Akafungua, akatia gundi upya. Fransiska alimtazama kutoka kitandani.

"Baba Yona, nyumba nzima ni chumba kimoja. Mimi, wewe, watoto, na sasa majeneza mawili."

"Haya siyo majeneza, Mama Yona. Subiri yaongee."

"Majeneza yanayoongea ndiyo mabaya zaidi."

Mara ya kwanza yalipoongea, yaliongea kidogo. Ilikuwa harusi ya uwanjani huko Makumira, akayasimamisha mbele ya watu kama spika za kawaida, na besi likamwagika kama maji kwenye mchanga. Watu wa mbele walisikia kitu, wa nyuma hawakusikia kitu. Aminiel alirudi nyumbani amenuna. Mara ya pili ilikuwa ukumbini, Usa River, na kwa sababu paa lilikuwa linavuja aliyasukumia kwenye kona pakavu, midomo ikiangalia kuta. Alipowasha, bibi harusi alishika kifua. Sahani zilisogea zenyewe mezani. Aminiel akaelewa: mdomo wa boksi lake ulikuwa mfupi, na zile kuta mbili za kona ziliuendeleza. Kona imekuwa kipande cha mwisho cha tarumbeta.

Tangu siku hiyo, akifika mahali hasalimii watu kwanza. Anatafuta kona.

Jina lake likapanda. Watu wakasema besi la Aminiel husikii kwa sikio, unasikia kwa tumbo. Na dada yake Aikaeli, mjane sasa, akasema kwenye simu: "Ami, kipaimara cha Angel ni wewe. Usiniletee mtu mwingine."

Hapo lazima niseme habari ya ng'ombe.

Huku kwetu kuna mradi wa kopa ng'ombe, lipa ndama. Mtu asiye na uwezo anapewa mtamba wa maziwa, anamtunza ndani bandani, na ndama jike wa kwanza anapelekwa kwa jirani anayefuata kwenye foleni, na jirani naye atapeleka kwa mwingine. Aikaeli alimpata wa kwake kwa njia hiyo, akamwita Shukuru. Kabla hujapewa ng'ombe sharti ujenge banda, sakafu ya zege na kuta za tofali za saruji. Nyumba ya Aikaeli ilikuwa ya mbao, upepo ukitaka unapita. Banda la Shukuru lilikuwa la tofali, imara kuliko nyumba yoyote ya ukoo ule. Wanawake wenzake walimtania kwamba mvua ikizidi atahamia kwa mpangaji wake.

Shukuru alizaa mara ya kwanza, dume. Dume halilipi deni. Mwaka ule wa kipaimara alikuwa na mimba ya pili, kubwa, na jirani aliyekuwa akingoja alikuwa Susana, mwanamke mpole wa ng'ambo ya mfereji. Susana alikuwa ameshajenga banda lake, limekaa tupu, analifagia kila asubuhi kana kwamba kuna mtu ndani. Alikuwa anakuja kumkatia Shukuru majani ambayo wala hakuombwa. Anamwekea mkono ubavuni, anangoja, akihisi mguu wa ndama anacheka peke yake.

Sasa, siku ya kipaimara, Aminiel alipanda na gari la kukodi asubuhi, na mwenzake Bariki, dijei. Akashuka. Akatazama uwanja wa dada yake, turubai limefungwa, viti vimepangwa, masufuria ya pilau yanafuka, loshoro, yale makande ya maziwa mgando, iko tayari. Nyumba ya mbao haikumfaa, ingepiga kelele ya mbao. Lakini pale ambapo ukuta wa nyuma wa banda ulikutana na ukuta wa stoo ya kahawa, tofali kwa tofali, palikuwa na kona ambayo hata ukumbini hungeikuta. Aliipiga kofi kwa kiganja. Haikutikisika.

"Hapa," alisema.

Bariki akatazama. "Mzee, nyuma ya hapa si kuna ng'ombe?"

"Ng'ombe wa dada yangu ni Mlutheri. Amezoea matarumbeta."

Wakacheka, wakayasukuma maboksi, midomo ikaelekea kona.

Umeme nao aliufikiria vizuri, hakuna anayeweza kumlaumu kwa hilo. Waya wa nyumba ile unatoka nguzo ya mbali, mwembamba, na Jumapili ya kipaimara kila boma linapiga mziki. Besi likigonga, taa zinafifia na amplifaya inaanza kukohoa. Akatenganisha. Maiki na spika ndogo akazipa umeme wa nyumba. Mabesi akayapa jenereta peke yao, akaiweka mbali kwenye migomba ili isisikike, akaiacha ichemke kwanza kabla ya kuibebesha mzigo. Alikuwa mwangalifu kwa kila kitu ambacho aliwahi kukifikiria.

Mchana ulipofika, watu wametoka kanisani, Angel katika gauni jeupe ameketi mbele na shada la maua, Bariki akafungua. Sijui nieleze vipi. Majani ya migomba yalitetemeka bila upepo. Wazee waliinua vikombe vyao vya pombe ya ndizi wakaona duara juu ya pombe. Vijana walifika kutoka vitongoji vingine wakifuata ule mgurumo. Na mbele kabisa alikuwa Ebenezer, bwana mifugo wa kata, amevua koti, anacheza akiwa amefumba macho, mikono hewani. Watu walimshangilia: "Daktari! Chanja! Chanja!"

Aikaeli alikuwa anang'aa. Mjane, nyumba ya mbao, na leo mlima mzima unajua kwake kuna sherehe. Katikati ya mambo hayo alikuja kwa Aminiel na ndoo mkononi, akainama sikioni mwake kwa sababu ya kelele.

"Ami, Shukuru hajala."

"Ni wageni, dada. Ng'ombe anaogopa wageni."

"Amegeuza uso ukutani. Nimempa majani, hataki."

"Atakula wakiondoka."

Aikaeli akasimama kidogo na ndoo yake. Mtu akamwita, mama wa mtoto, njoo upigwe picha. Akaenda. Aminiel alimwambia Bariki apunguze, na Bariki akapunguza, na watu wakapiga miluzi, na Bariki akarudisha. Aminiel aliona akirudisha. Watu walikuwa wamefurahi.

Kesho yake asubuhi Shukuru alitupa mimba.

Fransiska ndiye aliyepokea simu, akaja nayo uso umebadilika. Aminiel alipanda mlima siku ileile. Alikuta ndama amefunikwa majani ya mgomba mlangoni pa banda. Alikuwa na manyoya tayari, na kwato zake laini kama sabuni iliyolowa. Alikuwa jike. Susana alikuwa amechuchumaa pembeni, halii, amemshika ndama mguu mmoja kama mtu anayemsubiri mgonjwa aamke. Aikaeli alikuwa ndani anahangaika na ng'ombe, maana kondo la nyuma lilikuwa halijatoka.

"Dada," Aminiel alisema.

"Nishikie hiyo kamba."

Akaishika. Mpaka jioni alishika kila alichoambiwa ashike. Wakamzika ndama chini ya migomba, na Aikaeli akasema, "Mungu ndiye anayejua," akanawa mikono, akaenda kuwasha moto. Aminiel alikuwa anangoja neno jingine. Chai ililetwa, ikanywewa.

Alimfuata Ebenezer mpaka nyumbani kwake. Bwana mifugo alimkaribisha vizuri, akaanza kutaja sababu. Ng'ombe anaweza kutupa mimba kwa ugonjwa. Anaweza kwa majani yaliyooza. Anaweza kwa kuteleza bandani, kwa kupigwa pembe, kwa hofu, kwa bahati mbaya tu.

"Kwa hofu," Aminiel akasema. "Hofu ya nini?"

"Mbwa. Radi. Chochote."

"Na mziki?"

Ebenezer akakuna shingo. "Aminiel, kipimo cha ugonjwa ninacho. Kipimo cha besi sina."

"Wewe ulikuwa pale, Daktari. Ulikuwa unacheza."

"Nilikuwepo," alisema Ebenezer, na akainuka kwenda kufunga mbuzi ambaye alikuwa amefungwa tayari.

Damu ya Shukuru ilichukuliwa, ikapelekwa kupimwa. Majibu yakarudi kwamba ugonjwa ule waliouogopa haumo. Kwa watu wengine hiyo ilikuwa habari njema. Aminiel alihisi mlango mmoja umefungwa, na milango iliyobaki ilikuwa michache.

Wazee wetu walikuwa na njia. Mtu akimkosea ndugu yake anapeleka kondoo na pombe ya ndizi, watu wa ukoo wanakaa, maneno yanasemwa, yanakwisha. Hata walokole wanafanya hivyo, wanabadilisha pombe tu wanaweka soda. Aminiel akamnunua kondoo Tengeru, akapanda naye. Alimwambia dada yake amekuja kwa habari ya Shukuru na ya ndama wa Susana. Akasema atayauza mabesi, amnunulie Susana mtamba mwingine.

Aikaeli alimsikiliza mpaka mwisho, anamenya ndizi.

"Mradi umesema ndama wa Shukuru," akajibu. "Susana atapata ndama wa Shukuru. Ng'ombe wa spika mimi simjui."

"Basi upokee huyu kondoo."

"Kondoo wa nini?"

"Wa kosa."

"Kosa gani, Ami? Nani amekushtaki?"

Hapo akakwama. Hakuna aliyemshtaki. Mtu hawezi kulipia kesi ambayo haijafunguliwa. Angesema dada, nishtaki. Na je, dada angesema nini, yeye aliyekuja na ndoo, akaona, akaitwa kupigwa picha, akaenda? Aminiel aliona uso wake ukikaza kidogo, kisu kikaendelea kumenya. Akala chakula chake akaondoka na kondoo.

Ilikuwa siku ya soko. Kila aliyekutana naye njiani aliuliza kondoo bei gani. Kwa wa kwanza alisema hauzwi. Kwa wengine aliongeza mwendo. Alipofika Kaloleni, Fransiska alitoka barazani, akamtazama mume wake, akamtazama kondoo.

"Amekataa?"

"Amesema sijakosa."

"Ukaamini?"

Aminiel akamnyooshea kamba ya kondoo. Fransiska akachukua kamba. "Haya. Majeneza mawili na kondoo. Tukipata na mchungaji tufungue usharika." Lakini siku hiyo alimpikia ndizi za nyama kama za kwao Kibosho, akamkanda na mgongo kwa mafuta ya uvuguvugu.

Maneno hayakukaa mlimani. Vijana wa Tengeru walimpa jina: Bwana Mifugo. Akipita stendi mmoja anauliza, "Bwana Mifugo, leo unatibu wapi?" Mwingine anajibu, "Ficheni kuku." Alicheka nao, maana ukikasirikia jina linaota mizizi. Lakini huku juu, penye ng'ombe bandani, simu zilipungua, halafu zikakoma. Chini mjini bado walimwita, na yeye hakuweza tena kuyaweka maboksi konani. Aliyaweka wazi uwanjani, mbali na kila ukuta, na besi likamwagika. Wateja wakasema, "Fundi, hili besi limezeeka?" Alisema ndiyo. Mwishowe akayafunika turubai, akarudia redio na chaji za simu. Aliacha hata kupiga kofi kwenye kuta.

Dada yake, kwa upande wake, hakumfanyia ubaya hata mmoja. Alimtumia ndizi kama zamani. Alimpigia simu sikukuu zote. Akiumwa, alikuja na supu. Wangeweza kuongea habari za shamba, za Angel, za mchungaji mpya, mpaka chai ipoe, na ng'ombe asitajwe. Aminiel alianza kulisikia lile pengo kama anavyosikia hewa inayovuja kwenye boksi: huioni, ila kila kitu kinapungua nguvu.

Shukuru alikaa muda mrefu hashiki mimba. Hatimaye alishika, akazaa jike, na ndama akapelekwa kwa Susana kwa sala na nyimbo. Aminiel alisikia habari hizo sokoni, kwa muuza kabichi. Alipouliza, Aikaeli alisema, "Tulikutafuta, simu ilikuwa haipatikani." Labda kweli. Simu yake wakati mwingine haipatikani. Shukuru akazaa tena, jike mwingine, huyu sasa wa Aikaeli mwenyewe, akakua akawa mtamba mzuri mwenye doa jeupe usoni. Shukuru alizeeka, akauzwa.

Halafu mwaka huu, Angel, yule wa gauni jeupe, akapata mchumba wa Moshi, na sendofu ya kumuaga ikapangwa nyumbani. Aikaeli akapiga simu.

"Ami, mziki ni wewe."

"Nitaleta spika ndogo, dada."

"Na yale makubwa. Uje nayo. Mtoto ameyataka."

Aminiel alikaa kitandani na simu mkononi. Alisema, "Amenisamehe."

"Umeambiwa umesamehewa," Fransiska akauliza, "au umeambiwa ulete mziki?"

"Ni kitu kimoja."

"Kwenu labda. Kwetu ni vitu viwili."

Hata hivyo akamsaidia kutoa turubai. Bodi zilikuwa zimeanza kuachana matabaka kwa unyevu. Aminiel akazitia gundi, akazibana, akabadilisha waya, akapitisha mshumaa kwenye viungo vyote, na moto ukasimama wima. Alikuwa anaimba kwa sauti ya chini, Fransiska alimsikia. Na alikuwa na mpango wake. Angeyaweka chini kabisa karibu na barabara, kwenye kahawa, midomo ikiangalia bonde. Besi litakuwa jembamba, wacha liwe. Mtamba alikuwa na mimba, alisikia kwa Angel, mimba ya kwanza.

Siku yenyewe alifika mapema, mvua imenyesha usiku, udongo mwekundu unateleza. Angel alimkimbilia.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mama. Bibi harusi hakimbii."

Aikaeli akatoka jikoni, kitenge kipya, mikono ina unga. Alimkumbatia kaka yake kwa viwiko ili asimchafue. Aminiel alianza kuwaelekeza wabebaji kule kwenye kahawa.

"Unayapeleka wapi?" dada akauliza.

"Kule chini."

"Kule yatasikika na nani? Weka palepale pa siku ile. Kona ile ndiyo nzuri."

Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeonyesha mahali pa kuweka sufuria. Wabebaji wakageuka. Aminiel alibaki amesimama.

"Dada, na mtamba?"

"Weka, Ami. Wageni wako njiani."

Akazunguka banda, akaingia. Lilikuwa tupu. Sakafu ilikuwa imeoshwa, bado ina maji. Kwenye hori kulikuwa na majani yaliyokatwa asubuhi ileile, yameguswa kidogo tu, na kigingi hakikuwa na kamba. Alitoka mlangoni akaona alama za kwato kwenye udongo laini, zimekwenda mpaka kwenye lango, na pale langoni zilikuwa zimekanyagwa na matairi ya gari alilokuja nalo mwenyewe. Walikuwa wamemwondoa kabla hajafika. Walikuwa wametega sikio, gari lake lisije likawakuta.

Alimwuliza Angel. Angel akatazama jikoni, akasema anaitwa kusukwa. Alimwuliza Susana, ambaye alikuwa anaosha vikombe kwenye beseni lake kubwa. Susana akasema, "Karibu kaka, umekonda," akaongeza maji. Alimwona Ebenezer chini ya turubai, mvi zimemjaa, na Ebenezer akainua mkono kumsalimu kwa mbali, akausahau juu.

Basi akayafunga. Angefanya nini? Midomo ikaelekea kona, jenereta ikaenda kwenye migomba, ikachemka kwanza. Bariki akafungua, na besi likatoka kama lilivyotoka siku ile, kubwa, zima, na watu wakanyanyuka. Angel alicheza na mchumba wake. Watu wa Moshi walikuja kumshika mkono fundi. Aminiel alikaa nyuma ya amplifaya, na kila bum ilipopita ukutani alijua upande wa pili hakuna kitu, na hilo ndilo lililomchoma. Wangeamini kwamba siku ile yalikuwa ni majani mabovu, mtamba angebaki. Ingekuwa ni Mungu tu, mtamba angebaki bandani anatafuna.

Alasiri, Bariki alipoweka nyimbo za taratibu ili watu wale, Aikaeli alimletea kaka yake sahani mwenyewe. Ilikuwa nyama nzuri, kipande cha wakubwa, na loshoro ya baridi kwenye bakuli, kama alivyopenda tangu utoto. Akakaa naye kwenye benchi, mgongo kwenye ukuta wa banda. Akamfuta vumbi begani. Akasema mziki umetulia, watu wamefurahi, mama yao angekuwepo angefurahi.

Aminiel alishika sahani hakula. Alimtazama dada yake, aliyembeba mgongoni kwenye kahawa hiihii, na dada alikuwa anatazama watu wanaocheza, anatabasamu, anatikisa kichwa polepole kwa wimbo.

"Dada," akamwuliza, "mtamba umempeleka wapi?"